Barua ya wazi kwa wakuu wa hospitali kuhusu dawa zinazovuruga mdundo wa moyo

Kwa wakuu wa hospitali, wenyeviti wa kamati za dawa na tiba, na wote wenye mamlaka ya kuamua kinachowekwa kwenye fomu, kwenye kabati la dharura na kwenye kompyuta za wodini.

Waheshimiwa,

Sisi ni wafamasia, wauguzi na matabibu, watu ambao kazi yao ni kuandika dawa, kuzitoa na kumwangalia mgonjwa baada ya kuzipata. Tunawaandikia kuhusu dawa zinazorefusha QT (muda unaosomwa kwenye ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, tangu umeme wa pigo unapoanza hadi moyo unaporudi kupumzika), yaani dawa zinazouchelewesha moyo kurudi katika hali ya kupumzika baada ya kila pigo. Ombi letu ni hili: kila wodi iwe na mtu anayejulikana kwa wadhifa wake, ambaye ni lazima ajumlishe hatari yote ya mgonjwa kabla dawa ya pili ya aina hii haijaongezwa, na awe na idhini ya kuizuia kwa muda. Leo mtu huyo hayupo. Daktari wa kifua anaandika antibayotiki, daktari wa zamu ya usiku anaandika dawa ya kichefuchefu, daktari wa magonjwa ya akili anaongeza yake. Kila mmoja akitazama dawa yake peke yake anaona dozi ni sahihi, na kweli ni sahihi. Kinachomuua mgonjwa ni jumla, na hiyo jumla haina mwenyewe.

Tuchukue mgonjwa wa mfano. Ni mwanamke wa miaka 72, moyo wake umeshindwa kusukuma damu sawasawa, anatumia furosemidi, dawa ya kukojoza maji, na sasa analazwa kwa nimonia. Kuna kipimo cha alama cha kukadiria hatari ya QT kurefuka, kilichochapishwa na Tisdale na wenzake mwaka 2013. Kwa kipimo hicho, umri wa miaka 68 au zaidi ni alama 1, kuwa mwanamke ni 1, furosemidi ni 1, kushindwa kwa moyo ni 3. Ameingia wodini na alama 6, ambazo bado zinahesabiwa kuwa hatari ndogo. Jioni majibu ya maabara yanatoka: potasiamu ni milimoli 3.3 kwa lita. Potasiamu ya 3.5 kushuka chini ni alama 2, kwa hiyo amefika 8, hatari ya kati. Anaandikiwa azithromaisini. Dawa ya kwanza ya kurefusha QT ni alama 3, na sasa ana 11, ndipo hatari kubwa inapoanzia. Saa nne usiku anatapika, anachomwa ondansetroni, alama zinafika 14. Alfajiri anachanganyikiwa na kung'oa dripu, anaandikiwa haloperidoli ya kumtuliza. Alama hazipandi tena kwa sababu kipimo hakihesabu dawa ya tatu, lakini hatari yenyewe inapanda. Na hapo hatujahesabu sepsisi, yaani maambukizi yanayovuruga mwili mzima, ambayo peke yake ni alama 3. ECG ya mgonjwa huyu ilipigwa mara moja tu, mapokezini, kabla ya dawa zote tatu.

Kipimo hiki kilitengenezwa kwa wagonjwa wa kitengo cha uangalizi maalumu wa moyo, kwa hiyo kikitumika wodi ya kawaida kisomwe kwa tahadhari. Faida yake kwetu ni kwamba kinamlazimisha mtu mmoja kuweka umri, potasiamu, moyo na dawa zote kwenye ukurasa mmoja.

Sababu ya hatari hii inajulikana vizuri. Baada ya kila pigo, seli za moyo hutoa potasiamu nje ili zijiandae kwa pigo linalofuata. Moja ya milango inayofanya kazi hiyo, ule unaoitwa hERG, una nafasi pana ndani yake ambamo molekuli za dawa za aina nyingi sana huingia na kukwama. Ndiyo maana orodha ya dawa hizi haina ukoo mmoja: antibayotiki, dawa za fangasi, za malaria, za kifua kikuu, za kutapika, za msongo wa mawazo, metadoni, na hata dawa zenyewe za kurekebisha mdundo wa moyo kama sotaloli. Potasiamu ikipungua kwenye damu, mlango huo hupitisha kidogo zaidi na dawa huuziba kwa nguvu zaidi. Moyo ukienda polepole, athari huongezeka. Seli zikichelewa mno kupumzika, umeme mpya unaweza kuchipuka kabla ya wakati wake, na hapo huanza mdundo ambao François Dessertenne aliueleza mwaka 1966 na kuuita torsades de pointes. Mdundo huo unaweza kukoma wenyewe baada ya sekunde chache, au ukageuka kuwa mtetemo wa ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) ambao humuua mtu palepale.

Dunia ilishalipia somo la jumla hii. Terfenadini ilikuwa dawa ya mzio, na kwa mtu mzima wa afya ini liliigeuza karibu yote kuwa feksofenadini, ambayo haina shida hiyo. Lakini mgonjwa akipewa ketokonazoli au erithromaisini pamoja nayo, ini lilizuiwa kuivunja, terfenadini ikarundikana kwenye damu na kuufikia moyo. Kufikia mwaka 1998 ilikuwa imeondolewa Marekani. Astemizoli ilifuata mwaka 1999 na sisapridi mwaka 2000. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa dawa ya moyo, na waliozitoa hawakuwa wakifikiria moyo.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo ninyi mnaweza kuyabadilisha.

La kwanza ni ECG yenyewe. Mashine huchapa namba ya QTc, yaani QT iliyorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, juu ya karatasi, na wengi husoma namba hiyo bila kuangalia mawimbi. Mashine nyingi hurekebisha QT kwa kanuni ya Bazett: QT igawanywe kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya mapigo mawili, ukiwa katika sekunde. Kanuni hiyo hukosea kadiri moyo unavyoenda mbio au unavyokwenda taratibu. Karatasi ikitembea kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, mraba mdogo mmoja ni milisekunde 40. Mgonjwa mwenye homa, mapigo 100 kwa dakika, ana miraba 15 kati ya pigo na pigo, yaani sekunde 0.6. QT yake ni miraba 9, yaani milisekunde 360. Kwa Bazett QTc ni 465. Kwa kanuni ya Fridericia, inayotumia kipeuo cha tatu, ni 427. Mtu yuleyule, karatasi ileile, na kwa namba ya kwanza ananyimwa dawa anayoihitaji. Upande wa pili ni wa kutisha zaidi: mapigo 50 kwa dakika, QT miraba 12, yaani 480. Bazett inasema 438, ambayo haimshtui mtu. Fridericia inasema 452. Moyo unaokwenda taratibu ndio ulio hatarini zaidi, na ndio ambao namba ya mashine huuficha.

Kwa hiyo tunaomba Fridericia iwe kanuni ya hospitali nzima, na mashine zibadilishwe mpangilio pale inapowezekana. Pasipowezekana, ubandikwe ukutani jedwali la kusomea. Fomu ya ECG iwe na nafasi nne za kujazwa kwa mkono: muda kati ya mapigo, QT, upana wa QRS (wimbi la umeme unaposambaa kwenye ventrikali), na QTc pamoja na jina la kanuni iliyotumika. QT ipimwe kwenye lidi II au V5, ambazo ni mojawapo ya pande ambazo ECG huutazamia moyo. Chora mstari ulionyooka unaofuata mteremko mkali zaidi wa wimbi la T, lile la moyo kurudi kupumzika, na pale mstari huo unapokata msingi ndipo T inapoishia. Hatua hii huzuia kosa la kuhesabu wimbi la U kana kwamba ni sehemu ya T, kosa ambalo hutokea hasa kwa mgonjwa mwenye potasiamu ndogo, yaani yuleyule tunayemhofia. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, kama kwenye mtetemo wa atria (vyumba vya juu vya moyo), pima mapigo 10 uchukue wastani. QRS ikiwa pana kwa sababu njia ya umeme imeziba upande mmoja, QT hurefuka bila moyo kuchelewa kupumzika, na namba hiyo isitumike kumnyima mtu dawa kabla ya kumuuliza anayejua kuirekebisha.

Mipaka ya kufanyia kazi ni rahisi kukumbuka. QTc ya mwanaume ikizidi 450, au ya mwanamke ikizidi 460, mtu asimame na kufikiri. Ikifika 500, au ikipanda kwa 60 au zaidi kutoka ilipokuwa kabla ya dawa, lazima kitu kibadilike siku hiyohiyo. Ule upandaji wa 60 hauwezi kuonekana bila ECG ya kabla ya dawa. Tunasisitiza hapa kwa sababu ndiyo karatasi inayokosekana mara nyingi zaidi kwenye faili.

La pili ni maabara. Potasiamu hupimwa, lakini majibu hufika wakati dozi ya pili imeshatolewa. Magnesiamu mara nyingi haipimwi kabisa, ama kwa sababu kemikali za kipimo zimeisha, ama kwa sababu haimo kwenye fomu ya kawaida na hakuna anayekumbuka kuiandika kwa mkono. Bila magnesiamu ya kutosha figo huendelea kuvujisha potasiamu, na mnaweza kumpa mgonjwa potasiamu siku mbili mfululizo bila namba kupanda. Magnesiamu iwekwe kwenye fomu ileile ya potasiamu, kwa kila mgonjwa anayeanza dawa ya orodha hii na anayetapika, anayeharisha, au anayetumia furosemidi, haidroklorothiazidi, amfoterisini B, au dawa za tindikali ya tumbo kama omeprazoli kwa muda mrefu. Kwa wagonjwa hawa potasiamu isiachiwe 3.5 kwa hoja kwamba iko ndani ya kiwango cha kawaida. Ilengwe 4.0 na kuendelea.

La tatu, dozi na njia ya kuitoa. Watu husema dawa fulani ni mbaya kwa moyo kana kwamba kiasi hakina maana. Ondansetroni ya miligramu 8 kwenye mshipa hurefusha QT kwa wastani wa milisekunde 6. Ya miligramu 32 kwa mkupuo, milisekunde 20, na ndiyo maana mwaka 2012 dozi hiyo iliondolewa Marekani, na dozi moja ya mshipa isizidi 16. Sitalopramu, dawa ya msongo wa mawazo, ya miligramu 20 huongeza takriban 8.5, na ya miligramu 60 huongeza 18.5. Kikomo chake ni 40 kwa siku, na 20 kwa mwenye umri zaidi ya miaka 60, mwenye ini bovu, au anayetumia omeprazoli, kwa kuwa omeprazoli huzuia ini kuivunja. Hili la mwisho hupita bila kuonekana kila siku, maana dawa hizo mbili huandikwa na watu wawili na hakuna hata mmoja anayeiona omeprazoli kuwa dawa ya kuhofiwa. Haloperidoli kwenye mshipa ina hatari kuliko ya kumeza. Domperidoni, nayo dawa ya kichefuchefu, pale inapotumika, iwe miligramu 10 mara tatu kwa siku, isizidi wiki moja.

Halafu kuna muda. ECG ya kurudia ipigwe dawa ikiwa imefika kiwango chake cha kudumu mwilini, yaani baada ya nusu-uhai 4 hadi 5 (nusu-uhai ni muda wa dawa kupungua kwa nusu mwilini), na tena kila dozi inapopandishwa au dawa nyingine inapoongezwa. Kwa metadoni, kabla ya kuanza, ndani ya siku 30, kisha kila mwaka, na mapema zaidi dozi ikivuka miligramu 100 kwa siku. Kusimamisha dawa hakumalizi hatari siku hiyo. Nusu-uhai ya azithromaisini ni karibu saa 68. Amiodaroni hukaa mwilini kwa wiki nyingi, na bedakwilini kwa miezi. Anayeandika dawa mpya lazima aulize ni nini kilichosimamishwa mwezi uliopita, na chati ya dawa iwe na nafasi ya kuliandika hilo.

Tunajua baadhi yenu, mkisoma haya, mtatamani kutoa waraka wa kupiga marufuku. Tafadhali msifanye hivyo. Hofu isiyo na hesabu nayo inaua. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayetumia bedakwilini, moksifloksasini na klofazimini ana dawa tatu za kurefusha QT kwa pamoja, na anazihitaji ili apone. QTc yake ikifika 480, kwanza rekebisha potasiamu na magnesiamu, ondoa ile ondansetroni au flukonazoli ambayo huenda ina mbadala, pima tezi ya shingo kama haijapimwa, kisha rudia ECG baada ya siku chache. Ikizidi 500 na imethibitishwa kwa karatasi ya pili, hapo dawa husimamishwa kwa mashauriano na wataalamu wake. Amiodaroni hurefusha QT sana na bado husababisha torsades mara chache, jambo linaloonyesha kuwa urefu wa QT peke yake hauamui kila kitu. Anayehitaji antibayotiki ya kifua huenda akatosheka na doksisaiklini. Anayechanganyikiwa usiku huenda ana kibofu kilichojaa, maumivu au upungufu wa oksijeni, na haloperidoli haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Kuhusu tahadhari za kompyuta: zilivyo sasa zinafundisha watu kubonyeza bila kusoma. Ujumbe uleule hutokea kwa kijana wa miaka 20 anayepewa dozi moja ya ondansetroni na kwa yule mama wa miaka 72. Tahadhari ionekane pale tu dawa ya pili inapoandikwa, au potasiamu ikiwa chini ya 3.5, au ECG ikiwa haipo kwenye faili, na ionyeshe namba hizo palepale badala ya kusema tu kwamba kuna mwingiliano. Orodha ya CredibleMeds, tovuti inayofuatilia dawa zenye hatari hii, inazigawa dawa katika makundi: zinazojulikana kusababisha torsades, zinazoweza kusababisha, na zenye hatari katika hali fulani. Kundi la kwanza peke yake lingetosha kusimamisha skrini. Kwa makundi mengine yatosha alama ndogo pembeni mwa jina la dawa.

Dharura tunaieleza kwa urefu kidogo, maana hapa dakika zinahesabika. Mgonjwa wa torsades anaweza kuzimia ghafla na kutikisika viungo, na aliye karibu akasema ni kifafa. Anapewa dawa ya kifafa, anazinduka mwenyewe kwa sababu mdundo umekoma, na kila mtu anaamini dawa imefanya kazi. Baada ya nusu saa anazimia tena. Kwa hiyo agizo liwe hili: yeyote anayezimia au kutikisika akiwa kwenye dawa za orodha hii aunganishwe na monita mara moja na ECG ipigwe. Kama hana mapigo, ashtuliwe kwa umeme bila kulandanisha na mapigo, kama mtetemo wa ventrikali. Kama ana mapigo, apewe magnesiamu salfeti gramu 2 kwenye mshipa kwa takriban dakika 10, hata kama magnesiamu ya damu ni ya kawaida. Kwa ampuli ya asilimia 50 hizo ni mililita 4, nazo zizimuliwe kwanza. Potasiamu ipandishwe hadi 4.5 na kuendelea. Mdundo ukirudi tena na tena, na hasa moyo ukiwa unakwenda taratibu, mapigo yaharakishwe kwa kifaa cha kuongoza moyo hadi 90 au zaidi kwa dakika. Asipewe amiodaroni, ingawa mkono wa wengi huikimbilia mara tu waonapo mdundo wa haraka wa ventrikali, kwa kuwa nayo hurefusha QT.

Sasa nendeni mkaangalie magnesiamu iko wapi katika hospitali zenu. Mara nyingi iko wodi ya wazazi, kwa ajili ya kifafa cha mimba, imefungiwa kwa ufunguo. Kila toroli la dharura liwe na ampuli za kutosha gramu 4, zikiwa na kibandiko chenye kiasi cha mililita na jinsi ya kuzimua. Jambo hili halihitaji mtaalamu wala bajeti mpya.

Kabla ya dawa, aulizwe maswali mawili ambayo fomu za kupokea wagonjwa hazina: umewahi kuzimia, hasa ukikimbia, ukishtuka au ukiogelea? Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Takriban mtu 1 kati ya 2,000 huzaliwa na QT ndefu ya kurithi, na wengine ECG yao huonekana ya kawaida hadi siku wanayopewa dawa. Anaporuhusiwa kwenda nyumbani, apewe karatasi yenye majina ya dawa zake na maneno machache: ukizimia au moyo ukienda mbio ghafla, rudi mara moja, ukiharisha au kutapika zaidi ya siku moja, piga simu, usiongezewe antibayotiki wala dawa ya fangasi bila kuonyesha karatasi hii.

Kwa mtu tunayemwomba, mfamasia wa wodi ndiye anayefaa zaidi, kwa kuwa chati zote hupita mikononi mwake. Penye upungufu wa wafamasia, muuguzi kiongozi wa zamu anaweza kufundishwa kupima QT na kujaza alama. Usiku na siku za mapumziko lazima pia awepo mwenye jukumu hilo, maana dawa ya pili huongezwa saa hizo. Akizuia dozi, daktari aliyeiandika ajulishwe ndani ya saa moja na uamuzi wake uandikwe kwenye chati pamoja na sababu. Daktari akisema itolewe, itolewe, na saa ya ECG inayofuata iandikwe pembeni yake.

Kama haya yote hayawezi kufanyika kwa pamoja, anzeni na magnesiamu kwenye toroli wiki hii, fomu ya maabara mwezi huu, kisha kanuni ya Fridericia na mhusika wa wodi. Tunaomba kamati za dawa na tiba ziweke barua hii kwenye ajenda ya kikao kijacho na zitujibu kwa maandishi, zikitaja wadhifa wa atakayebeba jukumu katika kila wodi na tarehe atakayoanza.

Ni sisi,
Wafamasia, wauguzi na matabibu wa wodini